Koo la Kukodi

Sufuria ilianza kumpa Bi Nyamizi maagizo kabla hata hajaifunua.

"Karibu jikoni, mpishi," ilisema, kwa sauti ya bibi harusi anayehojiwa na mama mkwe. "Naona leo una maharage. Je, umeyachambua?"

Bi Nyamizi akaitazama. Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote akirusha kipindi chake, juu ya kigoda cha marehemu mama yake, barazani kwake Ng'ambo, mjini Tabora. Kamera ndogo kama punje ya mtama ilielea mbele ya uso wake, ikimfuata kama inzi mwenye heshima. Kuanzia Nzega hadi Sikonge watu walikuwa wameacha majembe, cherehani na vikao ili wamsikie, maana siku hizo vyombo vyote vilikuwa vinaongea, na mtu asingeweza kujua kipi kinasema kweli mpaka kipindi chake, Kigoda cha Nyamizi, kikitaje.

"Mnaiona?" akawaambia wasikilizaji. "Nimezaa, nimelea, nimezika mume. Maharage nachambua tangu meno ya utoto hayajang'oka. Leo sufuria inaniuliza kama nimechambua! Haya, na sisi tuichambue yenyewe."

Vipimo vyake vilijulikana mkoa mzima. Kwanza kilikuja kipimo cha mkono wa ugali. Akachovya vidole kwenye ugali wa moto, akaibonyeza sufuria ubavuni.

"Samahani," sufuria ikasema. "Sikutambui."

"Hunitambui ndani ya nyumba yangu?"

Kisha kipimo cha mvua ya bati. Alikuwa na kipande cha bati kimeegemezwa kwenye mawe. Akamwaga debe la mahindi makavu juu yake, yakapiga kelele kama masika ya Machi. Sufuria ikaendelea kufungua na kufunga taa zake, inashauri, inaonya, labda inaomba msaada. Hakuna aliyesikia hata herufi.

"Kitu kinachoongea," alisema Bi Nyamizi mahindi yalipotulia, "lazima kisikike mvua ikipiga bati. Kisiposikika, hilo ni pambo. Na hii hainitambui nikiwa na ugali mkononi."

"Ikutambue vipi," ikasema sauti toka ngazini, "wakati hata kioo kikikuona kinageukia ukutani?"

Alikuwa Mzee Kondo, jirani yake, Mzaramo aliyekuja Tabora kufunga nyaya za reli ya umeme, akaoa, akafiwa, akasahau njia ya kurudi pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu walipokuwa wakipita njia hiyo kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka, unamrudishia. Ukifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kulala kaburini kwako kabla hujawekwa, akidai nafasi ni yake. Nusu ya wasikilizaji walifungulia kipindi kwa ajili ya vyombo, nusu kwa ajili ya Kondo.

"Nyamaza, Mzaramo," Bi Nyamizi akamjibu. "Sufuria hii ukipelekewa wewe, utaigeuza juu chini upige ngoma mpaka maharage yaozee ndani."

"Na ninyi mtaibeba kichwani mpaka Bagamoyo, ndipo mkumbuke kuuliza ni ya nani!"

Kondo akacheka mpaka akashika nguzo. Bi Nyamizi akafunga kipindi kwa hukumu yake: "Msinunue. Ukipewa zawadi, pokea, shukuru, kisha mpe mtu usiyempenda."

Yote hayo aliyasema kwa sauti tamu, nzito kidogo, ya mwanamke wa miaka arobaini. Sauti ilikuwa yake. Koo halikuwa lake.

Koo lilikuwa mkufu mwembamba wa fedha shingoni. Madaktari walipomtoa uvimbe na kuondoka na karibu sauti yote, Kampuni ya Mlio ilimletea mkufu huo. Ulisoma mtikisiko wa misuli kabla neno halijazaliwa, ukalipeleka neno kwenye mtambo wa kampuni, na mtambo ukalirudisha shingoni likiwa limevishwa sauti yake ya zamani, haraka kuliko kupepesa jicho. Alipewa bure, kwa sharti kwamba kampuni itumie sauti yake kwenye kidude chao kipya cha kuvaa sikioni, cha kushauri watu nini wanunue. Kidude kikaitwa Sikioni. Bi Nyamizi alidhani kitawasomea watu yale aliyokwisha sema. Hakuna ubaya, alijiambia. Mtu akisahau kipindi, akumbushwe.

Sauti iliyobaki chini ya mkufu, ile ya kweli, hakuna aliyeisikia. Hata yeye aliisikia akiwa bafuni tu, mlango umefungwa.

* * *

Wifi yake Milembe, dada wa marehemu mumewe, alilazwa katikati ya masika. Bi Nyamizi alikwenda wodini na uji wa ulezi, akakuta Milembe amegeukia ukutani.

"Wifi. Nimekuletea uji."

"Kunywa mwenyewe."

"Wifi, kuna nini?"

Milembe akageuka taratibu. Midomo ilikuwa imempauka. "Unaniuliza kuna nini? Si wewe uliyeniambia ninunue Kibaridi?"

Bi Nyamizi akaweka bakuli chini. Kibaridi kilikuwa chupa ya kutunza dawa za sukari zisipate joto, inajipoza kwa jua. Alikipima mwenyewe kabla ya Krismasi, akakikataa hadharani. Jua likikosekana siku mbili, kinaacha kupoza, ila taa yake inabaki kijani, kama mlinzi aliyelala macho wazi.

"Mimi? Nilisema kisiguswe!"

"Hayo ulisema kwenye kigoda. Mimi nimepewa Sikioni ya majaribio. Niko dukani, nakishika Kibaridi, nawaza, mara wewe hapa." Milembe akagusa sikio lake. "'Wifi yangu Milembe, chukua hicho, hakina kasoro.' Wifi yangu Milembe! Kwa sauti yako, na kile kikohozi chako kidogo cha kabla ya jina la mtu. Nikanunua. Mvua ikashika, dawa ikaharibika, taa kijani, mimi najichoma maji matupu. Wameniokota sakafuni."

"Wifi, yule hakuwa mimi."

"Sauti ni ile ile. Hata sasa hivi," Milembe akasema, na machozi yakamlengalenga, "sijui ninaongea na nani. Vua hilo dude. Niambie kwa mdomo wako."

Mkono wa Bi Nyamizi ukapanda mpaka kwenye mkufu. Vidole vikagusa kifungo. Wodi ilikuwa imejaa watu, wengine walishamtambua, wananong'onezana: ndiye, ndiye, mwenye sauti tamu. Mkono ukashuka.

"Nitakuja kesho, wifi."

"Usije."

Mlangoni alimkuta mwanamke kijana mwenye kovu shingoni kama lake. Alikuwa na mapacha wawili wa kike waliokuwa wakikimbizana korido nzima. Mama yule, asiye na sauti ya kuwaita, akapiga kofi moja kwa viganja. Pacha mmoja akasimama. Akapiga makofi mawili. Wa pili akasimama. Kulwa na Doto, wanaitwa kwa makofi. Mama akautazama mkufu wa Bi Nyamizi, akatabasamu jinsi mtu mwenye njaa anavyotabasamu mbele ya sahani ya mwenzake.

* * *

Injinia Elinami alifika barazani siku ya pili yake. Ndiye aliyelitengeneza koo, binti wa Kichaga, mpole, mwenye kucha zilizotafunwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hapo, hapo anakaa Kondo, utaokota viroboto. Sasa niambie, nani aliyempa wifi yangu maji akidhani ni dawa?"

Elinami hakujifanya haelewi, na kwa hilo Bi Nyamizi akampenda.

"Mtambo ulisikiliza vipindi vyako vyote, Mama. Ukajifunza unavyopumua, unavyokohoa, nani unamwita wifi, nani mjomba. Ungekushangaza. Kisha ofisi ikasema usafishwe."

"Usafishwe uchafu gani?"

"Matusi." Elinami akautazama mkeka. "Na lawama. Kila ulipokisema chombo vibaya, ikahesabiwa kundi moja na matusi. Wenye vyombo wanalipia kutajwa vizuri. Ukiondoa mabaya yote uliyosema, Mama, kinachobaki ni mtu anayependa kila kitu."

"Huyo siyo mimi. Huyo ni mgeni anayetaka kulishwa." Bi Nyamizi akafikiri. "Na Kondo je? Yumo?"

"Vipindi vyote vyenye Mzee Kondo viliondolewa. Mtambo uliandika kwamba ni ugomvi wa majirani."

Bi Nyamizi akaangua kicheko. Lakini koo halikujua kucheka. Lilijua maneno tu. Likatoa "Ha. Ha. Ha," kama mtoto anayesoma ubaoni. Hilo ndilo alilokuwa akilichukia kuliko yote, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwani ninyi Wachaga hamna watani?"

"Tunao, Mama. Wapare. Babu yangu alitukanwa na Mpare siku ya harusi yake mpaka akalia kwa kucheka." Elinami akatabasamu kidogo. "Lakini ofisini hatu..."

"Ofisini mna adabu. Nimeelewa. Jumamosi mnaizindua hiyo Sikioni, na mimi nimealikwa kukaa jukwaani. Nikisimama nikasema kweli?"

"Koo ni mali ya kampuni. Litazimwa." Sauti ya Elinami ikapungua. "Na si lako tu, Mama. Kuna watu wodini wanasubiri makoo. Mkurugenzi amesema wazi, Sikioni ikiuzika, makoo yatatengenezwa. Isipouzika, mradi unafungwa."

Kofi moja, Kulwa. Makofi mawili, Doto. Bi Nyamizi akayasikia kama vile yanapigwa hapo barazani.

"Hebu niambie kama fundi. Koo haliwezi kuongea bila kupitia kwenye mtambo wenu?"

"Linaweza. Lina akili ya kutosha lenyewe, mimi ndiye niliyeitia. Ni kufuli tu waliyoniagiza niweke."

"Kufuli ina ufunguo."

Elinami akatafuna kucha, akainuka kuaga. Alipoondoka, Bi Nyamizi akamwita Kondo, aliyekuwa ukutani anasikiliza kwa utaratibu wake wa siku zote.

"Jumamosi uje unitukane."

"Hiyo kazi huwa naifanya bila mwaliko," Kondo akasema. Lakini hakucheka. "Nyamizi, wakikuzimia sauti?"

"Utapata nafasi ya kuongea peke yako. Si ndiyo ndoto yenu pwani nzima?"

Alimjibu haraka, kama inavyompasa mtani. Ila Kondo alipogeuka kwenda zake, Bi Nyamizi alibaki ameushika mkufu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mlango upepo usiufungue.

* * *

Ukumbi wa zamani wa reli ulifurika. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Tabora tangu katikati ya wiki na paa la bati lilikuwa limetulia, linangoja. Jukwaani kampuni iliweka Sikioni kwenye vikapu vya hariri, Kibaridi kimoja kikubwa cha maonyesho chenye taa kijani, na kile kigoda, kilichokuja kuchukuliwa nyumbani kwa gari la kifahari kama kwamba kinaolewa. Nyuma yake lilining'inia pazia jekundu.

Mkurugenzi Lutufyo alikuwa mtu wa suti na meno.

"Ndugu zangu! Nyuma ya pazia kuna wawili. Mmoja ni Bi Nyamizi wenu. Mwingine ni Sikioni. Ulizeni chochote. Mkishindwa kuwatofautisha, basi kila mmoja wenu ataondoka na Bi Nyamizi wake sikioni, asiyechoka, asiyeugua, asiyekufa!"

Watu wakapiga makofi, na vikapu vya Sikioni vikaanza kupitishwa kwenye viti. Nyuma ya pazia Bi Nyamizi alikuwa peke yake na kipaza sauti cha Sikioni kando yake. Alikuwa na mpango mwepesi. Ataulizwa, atasema kweli mara moja, kwa sauti kubwa, mubashara mkoa mzima. Wakizima baada ya hapo, neno litakuwa limeshatoka.

Mwanamke mmoja akauliza kuhusu Kibaridi.

"Ni chombo cha kuaminika," ikajibu Sikioni, na kikohozi kidogo. "Mimi mwenyewe nakipenda."

Zamu yake ikafika. Akafungua kinywa, akasema: Kibaridi kinadanganya, kimemlaza wifi yangu hospitali.

"Kibaridi kinafaa," likasema koo lake. "Kimemsaidia sana wifi yangu."

Akaganda. Akasema tena, polepole, neno moja moja: waongo ninyi, hayo si maneno yangu.

"Karibuni nyote," likasema koo. "Hayo ni maneno yangu."

Ukumbi ukapiga makofi. Na Bi Nyamizi akaelewa alichofanyiwa. Hawakungoja kumzima. Maneno yake yalikuwa yanapita kwao kwanza, na huko njiani walikuwa wameyasafisha, kama walivyomsafisha yule mwingine. Sasa nyuma ya pazia kulikuwa na Sikioni mbili, moja ina miguu.

Vidole vikapanda kwenye kifungo. Vikabaki hapo. Nje ya pazia kulikuwa na watu wanaompenda kwa sauti ile, na chini ya mkufu kulikuwa na kitu kinachokwaruza kama jembe kwenye changarawe.

"Nami nina swali!" Alikuwa Kondo. "Nyie wawili huko nyuma! Mwenye kichwa cha mbeba mizigo, kilichopondwa juu bapa mpaka kofia inateleza, ni nani kati yenu?"

Ukumbi ukacheka, ukajiweka sawa, maana jibu la Bi Nyamizi ndilo lililowaleta wengi.

"Asante kwa maoni yako, Mzee Kondo," ikasema Sikioni. "Uwe na siku njema."

Bi Nyamizi akamjibu kwa nguvu zake zote: changu kilibeba mizigo, chako kimebeba chawa tangu pwani!

"Maoni yako ni muhimu kwetu," likasema koo.

Kimya kikaanguka. Si kimya cha kusikiliza. Kimya cha watu waliokanyaga ngazi ambayo haipo. Kondo alisimama na mdomo wazi. Akangoja. Akavua kofia yake taratibu, akaiweka kifuani.

"Jamani," akasema. "Mtani wangu amefariki."

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Mzee, Bi Nyamizi yupo, ame..."

"Nimemtukana hakunirudishia! Umeona wapi Mnyamwezi mzima anatukanwa na Mzaramo anasema asante? Huyo ni maiti! Wamemuua, wameifungia sauti yake chupani!" Akapanda jukwaani kwa miguu yake ya kizee, akajitupa chali mbele ya pazia, mikono imekunjwa. "Nilazeni mimi kwanza! Kaburi hili langu! Alikuwa mchoyo, aliniahidi kuku wa Idi akanipa miguu! Nani atanitukana mimi sasa? Nani?"

Toka nyuma ya ukumbi akina mama wa Kizaramo waliohamia na reli wakaitika kwa kilio cha uongo kilicho kitamu kuliko cha kweli. Mmoja akapanda, akajifunga pazia la pembeni kama khanga ya marehemu, akatembea kwa maringo ya Bi Nyamizi, akikagua meno ya Mkurugenzi: "Hiki nacho hakipiti kipimo cha ugali!" Watu wakacheka huku wanapangusa macho, na wengine hawakujua tena wanapangusa kwa kucheka au kwa kulia. Kondo akainuka, akakwapua kigoda.

"Urithi wangu!" akapaza sauti, akaketi juu yake.

Na hapo mkufu ukafunguka. Bi Nyamizi hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alikumbuka tu baridi shingoni, na pazia linampiga usoni anapolipita.

"Kondo."

Lilikuwa neno la kukwaruza, limekatika katikati. Ukumbi mzima ukageuka.

"Ondoa makalio yako... kwenye kigoda cha mama yangu." Akavuta pumzi. "Kigoda hicho kimekaliwa na wachapakazi. Kikizoea Mzaramo... kitaanza kuamka saa sita mchana."

Kisha Kondo akapiga magoti, mikono juu.

"Amefufuka! Amefufuka, na sauti ya chura aliyemeza msumeno!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye bati, watu wakasimama juu ya viti, wakakumbatiana na wasiowajua. Mkurugenzi alikuwa anawapungia mafundi wazime, wakate, wafunge, lakini hakukuwa na cha kuzima. Koo la kampuni lilikuwa mkononi mwa Bi Nyamizi, linaning'inia kama mjusi aliyekufa.

Akaketi kwenye kigoda chake. Akainua mkono. Na mvua, ambayo ilikuwa imengoja tangu katikati ya wiki, ikachagua wakati huo kushuka.

Ilipiga bati kama madebe elfu ya mahindi. Bi Nyamizi akafungua kinywa, hata yeye hakujisikia. Akatabasamu. Ameshindwa kipimo chake mwenyewe.

Basi akainama kwa waliokaa mbele, akawasemea masikioni. Wao wakageuka, wakawaambia wa nyuma yao. Wale nao wakageuka. Ukumbi mzima ukaanza kugeuka mstari kwa mstari, kama shamba la mpunga upepo unapopita, na maneno yakaenda.

Alisema kwanza juu ya Kibaridi. Akaichomoa dawa ya maonyesho toka kwenye Kibaridi cha jukwaani, akampa mtu wa mbele aishike, ikapita mkono hadi mkono, vuguvugu kama chai iliyosahaulika, huku nyuma yake taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Kisha Sikioni: inawajua majina yenu na jamaa zenu, ila haiwezi kuwaambia hapana, msichukue mshauri asiyeweza kusema hapana. Vikapu vya hariri vikaanza kurudishwa jukwaani.

Kisha akaunyanyua mkufu.

"Hili koo," aliwasemea wa mbele, "ni zuri. Nimelivaa, najua. Halijui kucheka, hilo walirekebishe. Lakini linamrudishia mtu jina la mwanawe mdomoni. Kosa si lake, kosa ni kufuli. Kufuli ikitoka, nawaambia mimi Nyamizi, lichukueni. Hospitali ilichukue. Mkoa ulichukue."

Maneno yakaenda. Mganga mkuu, aliyekuwa kiti cha katikati, akayapokea, akayapeleka nyuma, kisha akasimama na kuinua mkono wake juu kama mnunuzi kwenye mnada. Wengine wakainua. Diwani akainua. Mikono ikawa mingi kuliko viti, na Mkurugenzi Lutufyo, ambaye hakuwa mjinga, akaitazama mikono ile, akatazama vikapu vilivyorudi, akafunga meno yake.

Elinami alikuwa ameshapanda jukwaani. Hakumwomba mtu ruhusa. Akauchukua mkufu, akaugeuza, akaubonyeza mahali ambapo yeye peke yake alipajua, mpaka kitaa kimoja kidogo kikazimika. Hicho ndicho kilichokuwa kufuli. Bi Nyamizi akaupokea, akashuka ngazi, akamvika mama wa mapacha aliyekuwa mstari wa pili.

Mama yule akahangaika na koo lisilomzoea. Likakohoa, likasita.

"Ku... Kulwa," likasema. "Doto."

Mapacha wakaacha kuchezea viti. "Mama," akasema mmoja kwa mashaka, "mbona umekuwa Bi Nyamizi?"

"Litazoea sauti yake," Elinami akasema, akicheka na kulia. "Nipeni wiki moja."

Bi Nyamizi alikuwa na neno moja la mwisho. Alikuwa amemwona Milembe tangu alipotoka nyuma ya pazia, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni kabisa, na muuguzi kando yake, amefika kwa uso wa mtu aliyekuja kushuhudia aibu. Akainama kwa mtu wa mbele. "Mwambieni wifi yangu pale mlangoni: yule hakuwa mimi. Lakini sauti nilimpa mimi. Anisamehe."

Maneno yakaondoka chini ya mvua. Aliyaangalia yakienda, kichwa kinageuka, kingine kinageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kweli. Yalifika mlangoni. Muuguzi akainama. Milembe akasikiliza, kisha akalivuta sikio la muuguzi karibu na mdomo wake.

Jibu likaanza kurudi. Lilikuja mstari kwa mstari, na kila lilipofika watu walicheka, kwa hiyo kicheko ndicho kilichotangulia mbele yake, kikikua, mpaka kikafika jukwaani kikiwa kikubwa kuliko mvua. Kondo alilipokea wa mwisho, akamletea, akikazana kulifikisha kama lilivyo.

"Anasema amekujua sasa. Anasema yule wa sikioni alikuwa na adabu mno, yeye alipaswa kushtuka mapema. Na anauliza uji uko wapi."

Bi Nyamizi akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha kukwaruza, kimejaa mashimo, na hakuna mtambo wowote uliokipitia.